UKURASA WA TOVUTI: MKULIMA AWEZA KUUANDIKA MWENYEWE



Tangu mwaka huu uanze, swali moja limeletwa ofisini kwetu mara nyingi kuliko hata swali la mbolea. Wazee wa kamati hufika, huketi katika benchi, na baada ya salamu husema: "Karani, vijana wanatuambia chama chetu kiwe na tovuti, na yuko mtu wa mjini aliye tayari kututengenezea kwa fedha nyingi. Je, tumlipe?"

Mimi hujibu: Msimlipe bado. Kwanza jifunzeni wenyewe jinsi ukurasa wa tovuti unavyoandikwa, hata kama baadaye mtamwita fundi. Mtu asiyejua kutazama meno ya ng'ombe huuziwa ng'ombe mzee kwa bei ya mtamba.

Mimi si fundi wa kompyuta. Nilisomea ualimu, kisha nikapata kazi ya ukarani katika ofisi ya kilimo, na mambo haya nilijifunza jioni, baada ya kazi, kwa kompyuta ya zamani. Basi nitakueleza kama mwanafunzi aliyekutangulia hatua chache tu, pamoja na makosa yangu. Moja katika makosa hayo liliwagharimu watu fedha, nami nitalieleza mbele.

Wengi hudhani kwamba tovuti ni mtambo mkubwa wenye siri. La, ukurasa wa tovuti ni maandishi tu. Maandishi hayo huwekwa katika kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, nayo huitwa seva. Mtu aliye Nakuru au Mombasa akiandika anwani yako katika simu yake, simu huuomba ukurasa ule kwa seva, seva humpelekea nakala, na programu iliyo ndani ya simu, iitwayo kivinjari, huyasoma maandishi na kuyapanga kiooni. Ni kama ubao wa matangazo ulio nje ya ghala la chama, ila kila anayetaka hupewa nakala yake bila kufunga safari.

Mwanzilishi wa jambo hili ni Mwingereza, Bwana Tim Berners-Lee. Mwaka 1989 alikuwa akifanya kazi CERN, maabara kubwa ya wanasayansi iliyo karibu na Geneva, katika nchi ya Uswisi. Wanasayansi wale walikuwa na kompyuta za namna mbalimbali, na habari za mmoja hazikusomeka kwa urahisi na mwenzake. Yeye akaandika shauri la kuziunganisha habari hizo kwa kurasa zenye viungo, yaani maneno ambayo ukiyabonyeza yakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Mwaka 1991 watu wa nje ya maabara walianza kuutumia utaratibu huo, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba mtu yeyote aweza kuutumia bure. Tangazo hilo lakuhusu wewe mkulima. Lugha ya kuandikia kurasa, iitwayo HTML, haina ada wala leseni. Mtu akija kwenye chama chenu akidai "leseni ya HTML", mwonyesheni mlango.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Wahitaji kompyuta moja, hata iwe ya zamani, au ya kuazima katika shule iliyo karibu. Simu pia yaweza, lakini kuandika alama kwa kidole gumba ni kazi ya kuchosha na mwanzoni itakukatisha tamaa. Katika kompyuta zenye Windows mna programu ndogo ya kuandikia iitwayo Notepad. Hiyo yatosha. Wala huhitaji bando la intaneti wakati wa kujifunza, maana ukurasa ulio ndani ya kompyuta yako hufunguka papo hapo bila mtandao. Mimi nilijifunza wiki tatu kabla sijatumia hata shilingi moja ya bando.

Andika hivi:

<h1>Viazi vya Kuuza</h1>
<p>Magunia 40 ya Shangi, kilo 50 kila gunia.</p>

Maneno yaliyo kati ya alama ndiyo yatakayosomwa na watu. Alama zenyewe, zile zilizo katika mabano yenye ncha, hazionekani kiooni. Kazi yake ni kukiambia kivinjari maneno hayo ni ya namna gani. Alama ya h1 yasema, hiki ni kichwa kikuu. Alama ya p yasema, hii ni aya. Karibu kila alama huenda mbili mbili: moja ya kufungua na moja ya kufunga, na ile ya kufunga ina mkwaju. Fikiria lango la zizi. Ukilifungua ng'ombe wakaingia, usipolifunga hujui watakuwa wapi asubuhi. Jioni moja nilisahau kufunga alama ya h1, na aya zote zilizofuata zikatoka kwa herufi kubwa nene kama tangazo la mnada. Nilitafuta kosa saa nzima, na lilikuwa mkwaju mmoja.

Kosa langu la kwanza kabisa lilikuwa dogo zaidi, nalo humpata karibu kila mwanafunzi wa kazi hii, kwa hiyo lishike. Ukimaliza kuandika, hifadhi faili kwa jina la index.html. Notepad imezoea kuongeza .txt mwishoni mwa kila jina, na huenda usiione. Mimi nilibonyeza faili langu nikitazamia kuona ukurasa mzuri, ikafunguka ile ile karatasi ya kuandikia. Nikabonyeza tena na tena, nikidhani kompyuta ni mbovu. Dawa yake ni hii: wakati wa kuhifadhi, chagua aina zote za faili, kisha uandike jina kamili wewe mwenyewe. Na kwa nini index? Kwa sababu mgeni akija kwenye anwani yako bila kutaja ukurasa fulani, seva kwa desturi humtafutia faili la jina hilo.

Ukijua alama kumi hivi, wajua za kutosha kwa tangazo la chama. Yako matatu ningependa uyajue mapema, maana vitabu vingi huyaweka nyuma.

Mwanzoni mwa ukurasa andika <html lang="sw">. Herufi hizo sw huviambia vivinjari na mashine za kutafutia kwamba maandishi haya ni Kiswahili. Pili, namba ya simu ya chama yaweza kuandikwa kama kiungo kinachoanza kwa tel: na namba yenyewe ikianza kwa +254 mahali pa ile sifuri. Mnunuzi akigusa namba hiyo katika simu yake, simu huiweka tayari kupigwa. Hahitaji kutafuta kalamu. Tatu, uko mstari mmoja wa kuwekwa kichwani mwa ukurasa, wenye neno viewport, unaoiambia simu ipange ukurasa kwa upana wa kioo chake. Ukiukosa, simu huuonyesha ukurasa kana kwamba iko kwenye kompyuta kubwa, na herufi huwa ndogo kama chawa. Wanunuzi wetu wengi husoma katika simu, wakiwa sokoni au kando ya lori, wala si mezani.

Sura ya ukurasa, yaani rangi, ukubwa wa herufi na nafasi, huandikwa kwa lugha ya pili iitwayo CSS, iliyotolewa rasmi mwaka 1996. Hapo vijana hupenda kukaa sana. Naona ni sawa na kupaka zizi rangi. Shauri langu ni moja tu: herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe, na ziwe kubwa. Nimeona kurasa za kijivu juu ya kijivu, nzuri sana ofisini, lakini zipeleke shambani saa sita mchana juani, huoni kitu. Kuna lugha ya tatu, JavaScript, iliyotoka mwaka 1995, ambayo huufanya ukurasa ujibu na kuhesabu. Katika mwezi wa kwanza iache kabisa. Bei ya viazi haihitaji kucheza.

Picha zina mambo yake. Kila mwanachama hutaka picha ya ng'ombe wake iwekwe, na ni haki yake. Lakini picha ya simu za siku hizi yaweza kuwa na megabaiti tatu hata tano, na maneno ya makala kama hii unayoisoma hayafiki kilobaiti ishirini. Megabaiti moja ni kama kilobaiti elfu moja. Basi picha moja tu ni nzito kuliko makala zaidi ya mia, na uzito huo hulipwa na msomaji kwa bando lake. Punguza picha kwanza, hata upana wake uwe pikseli 800 hivi. Mara nyingi itashuka hadi kilobaiti mia moja au mia mbili, na machoni pa mnunuzi kiazi ni kile kile. Kila picha iandikie pia maneno mafupi ya kuieleza katika sehemu iitwayo alt, ili isipofunguka msomaji ajue kilichokuwa pale, na asiyeona asomewe na simu yake.

Angalia pia herufi za jina la picha. Kompyuta yenye Windows haijali kama umeandika Viazi.JPG au viazi.jpg. Seva nyingi hujali sana. Picha zangu zilionekana vizuri nyumbani, nikaziweka katika seva, zote zikapotea. Tangu siku hiyo majina yote ya mafaili nayaandika kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati.

Sasa nifike kwenye lile kosa kubwa.

Chama cha wakulima wa viazi katika skimu yetu, hapa upande wa Nyandarua, kilikubali niwaandikie ukurasa mmoja. Hiyo ilikuwa Februari, wakati wa mavuno ya mvua za vuli. Niliandika aina ya viazi, idadi ya magunia na bei. Niliandika kilo pia, maana kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50, nasi tulitaka mnunuzi ajue mapema kwamba hapa hapatolewi lumbesa. Chini yake niliandika kwa herufi nene: VIAZI VIPO. Wazee waliushika ukurasa mikononi, wakaupitisha kutoka mmoja hadi mwingine, wakafurahi. Mimi nilifurahi kuliko wote.

Wewe uliyelima Shangi wajua kwamba haikai ghalani. Huanza kuchipua upesi. Kwa hiyo iliuzwa yote katika majuma machache. Ofisini zikaja orodha za mbolea ya ruzuku, nikazama katika orodha hizo, na ukurasa nikausahau.

Mwezi wa Mei, siku ya Alhamisi asubuhi, mama mmoja alifika ghalani kutoka Nakuru na lori la kukodi, dereva na utingo wawili. Ghala lilikuwa limefungwa. Pande zote za barabara viazi vilikuwa shambani, vimetoa maua. Mlinzi akaniita kwa simu, nikaenda mbio kwa pikipiki.

Mama yule hakupiga kelele. Alinionyesha simu yake tu, akaniuliza, "Mwalimu, hii VIPO ni ya lini?"

Nikatazama ukurasa wangu. Sikuwa nimeandika tarehe mahali popote. Neno lile lilikuwa la kweli siku nililoliandika, na siku ile ya Mei lilikuwa uongo, na hakuna herufi hata moja iliyokuwa imebadilika.

"Na namba ya simu, mama, hukuijaribu?" nikasema, nikitafuta pa kujifichia.

"Niliipiga jana mara tatu," akajibu. "Haikupatikana."

Hilo nalo lilikuwa la kweli. Namba ilikuwa ya katibu, naye alikuwa amebadilisha laini baada ya simu yake kuibiwa. Hakuna aliyenikumbusha kuibadilisha, wala mimi sikuuliza.

Kamati ilikutana siku ile ile. Wengine walisema ukurasa ufutwe na jambo hili lisitajwe tena. Mweka hazina alisema chama hakina hatia, kosa ni la karani. Mwisho wakakubaliana chama kilipe nusu ya gharama ya lori, nami nikalipa nusu nyingine kutoka mshahara wangu. Nililipa bila kunung'unika, ila mke wangu alikuwa na lake la kusema. Lakini neno lililonikaa moyoni lilisemwa na mzee mmoja aliyepata shamba lake katika skimu tangu miaka ya 1960, naye hakuwa amesema kitu mkutano wote. Aliniambia, "Kijana, ulipokuwa mwalimu, ubao wa darasani uliufuta kila siku. Huu mbona hukuufuta?"

Sikuwa na jibu.

Nimeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu mafunzo mengi ya kutengeneza tovuti hukufundisha kuanza, na hayakuambii kwamba ukurasa hauozi. Kiazi kikikaa hutoa harufu, ukajua. Ukurasa wa mwaka jana husomeka safi kama wa leo asubuhi. Basi tulifanya mabadiliko. Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya bei, pameandikwa tarehe ya kubadilishwa kwake. Pia hatuandiki VIPO peke yake. Huandika idadi ya magunia yaliyohesabiwa na siku yalipohesabiwa. Vikiisha, twaandika kwamba vimeisha, na mwezi ambao mavuno mengine yanatazamiwa. Namba ya simu ni ya laini iliyonunuliwa na chama chenyewe, nayo hukaa ofisini mwa chama, haitembei mfukoni mwa mtu.

Kuhusu majina, wakati mmoja nilitaka kubandika orodha ya wanachama wote pamoja na namba zao za simu na za vitambulisho, nikidhani italeta imani kwa wanunuzi. Katibu akanizuia, na alikuwa na haki. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kuzitawanya habari za wenzake atakavyo, na zaidi ya sheria, matapeli wa simu hutafuta orodha za namna hiyo.

Anwani yenyewe, yaani jina la kikoa, lataka macho. Majina ya Kenya huishia kwa .ke, nayo husimamiwa na KENIC. Biashara hutumia .co.ke, na vyama visivyo vya faida .or.ke. Hununuliwa kwa mawakala walioidhinishwa, na hulipiwa tena muda wake ukiisha, kwa kawaida kila mwaka. Bei za mawakala hutofautiana, kwa hiyo uliza kwa watatu kabla ya kulipa. Ila jambo kubwa ni jina la mwenyewe. Nakijua chama kimoja, sitakitaja, ambacho kijana aliyewatengenezea tovuti aliandikisha kikoa kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Hakuwa na nia mbaya. Alipata kazi mbali, mwaka ukaisha, barua za kukumbusha zikamfuata yeye, na kikoa kikafa. Chama hakikuweza kudai, maana katika vitabu si chao. Mkiandikisha, andikisheni kwa jina la chama, na neno la siri liwekwe katika bahasha iliyofungwa, pamoja na hati za shamba la chama.

Je, kila mkulima yampasa kuwa na tovuti? Hasha. Mwenye magunia matano na majirani wanaomjua, WhatsApp yamtosha, tena ni rahisi zaidi. Tovuti yafaa chama chenye mali ya kuuza mara kwa mara kwa watu wasiokijua, ambao lazima waulize: hawa ni akina nani, wako wapi, wanauza kwa kipimo gani? Kama hamna mtu atakayeugusa ukurasa kila juma, ni afadhali msiwe nao.

Ukitaka kuanza, usianze na kompyuta. Chukua ukurasa mmoja wa daftari, na uandike kwa kalamu mambo ambayo mgeni angetaka kujua juu ya chama chenu. Kisha mpe mtu asiyewahi kufika kwenu. Mwulize afuate njia gani kutoka barabara ya lami, ampigie nani, na gunia moja ni shilingi ngapi leo. Mimi nilimpa shemeji yangu wa Machakos karatasi ya kwanza. Alijua rangi ya viazi vyetu na mwaka chama kilipoandikishwa. Kituo cha kushukia matatu hakukijua, maana sikuwa nimekiandika.

Siku hizi ukurasa wetu hushughulikiwa na binti wa mweka hazina, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Nilimfundisha kwa jioni sita. Kila Jumamosi, viazi vikisha kuhesabiwa ghalani, huandika idadi na tarehe, kisha huufungua ukurasa katika simu ya baba yake kuona kama umebadilika kweli. Yule mama wa Nakuru alirudi mwezi wa Agosti. Alipiga simu kwanza.